Mhandisi Aliyekataa Ramani Moja

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kwa ofisi nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkuu wa mradi, alikuwa Mhandisi, na wanavijiji waliomzoea walimwita Mama Mhandisi. Nilifanya naye kazi miaka mingi, mimi nikiwa mchora ramani katika kituo chetu cha Nyamisati, yeye akiwa ofisi kuu Kibiti, na sikumbuki siku niliyoingia ofisini kwake bila kwanza kupanga maneno yangu mlangoni. Hakuwa na maneno makali. Ukali wake ulikuwa wa kunyamaza. Ulikuwa unamweleza jambo, anakutazama, anayaacha maneno yako yakae hapo mezani mpaka wewe mwenyewe unaanza kuyatilia shaka. Ndipo anauliza kwa sauti ya chini, "Nani amekwambia?"

Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi shingoni. Alivaa ushungi uliobanwa vizuri na ndala za kiume, kwa sababu, alisema, za kike hazidumu. Alitafuna karafuu kutwa. Ukiingia ofisini ukasikia harufu ya karafuu ulijua yupo, na watu walipunguza sauti.

Mradi wetu ulikuwa wa kupima mashamba ya wakulima wa bonde la Rufiji na delta yake, ili kila mmoja apate hati ya kimila ya kipande chake. Tulikuwa na vituo Nyamisati, Mtawanya na Chumbi, kila kimoja na kompyuta zake, na seva kubwa ilikaa Kibiti. Kazi ya Mhandisi ilikuwa kuhakikisha kompyuta hizo zote zinafanya kazi kwa mafaili yaleyale, kana kwamba tumekaa chumba kimoja.

Kabla hajaja, tulikuwa tukibeba ramani kwenye flashi. Mimi nilikuwa naipeleka yangu kwa boti na gari hadi Kibiti, nakuta mwenzangu wa Chumbi ameleta yake, na ofisini hakuna anayejua ipi ni mpya. Mafaili yaliitwa "mwisho," "mwisho kabisa," na "mwisho kweli," na mara nyingi hilo la mwisho kweli ndilo lililokuwa la zamani kuliko yote. Baadaye wakaja wataalamu wakaweka kila kitu kwenye seva, nasi tukawa tunafungua ramani moja kwa moja kutoka Kibiti kupitia mtandao. Ilikuwa nzuri kwa siku za jua. Mvua ikinyesha delta mnara wa simu unakatika, na mnara ukikatika ramani inaganda usoni pako na mstari uliokuwa unauchora unapotea. Wakulima waliokuja kutoka mbali kwa mtumbwi walikaa kwenye benchi wakinitazama, nami nikiitazama kompyuta, wote hatuna la kufanya.

Siku aliyoanza kazi alikuja Nyamisati akakaa nyuma yangu. Nilikuwa nachora shamba la bibi mmoja. Ghafla akanyoosha mkono akauchomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta yangu.

"Sasa unafanya nini?" akauliza.

Nikamwambia nasubiri urudi.

"Na huyu bibi anasubiri nini?"

Aliondoka jioni ile, akajifungia Kibiti kwa miezi, na alipotoka alikuwa ameubomoa mpango mzima wa wale wataalamu. Katika mpango wake, kila kompyuta ilijiwekea nakala yake ya mafaili inayoyatumia. Seva ilijua nani ana nakala ya nini, na mmoja akibadilisha faili, wengine waliarifiwa kwamba walichokichukua kimepitwa na wakati. Mtandao ukikatika hukusimama. Uliendelea kuchora kwenye nakala yako, na mtandao ukirudi mashine zenyewe zilikaa zikalinganisha, hiki kipya, hiki cha zamani, hiki hakikuguswa. Sisi hatukuona lolote. Tuliona tu kwamba benchi limeanza kupungua watu.

Tabia ya kuchomoa waya hakuiacha. Alikuja vituoni bila taarifa, akasalimia vizuri, akauliza habari za watoto, akachomoa. Siku moja walikuja wageni wakubwa kuona mradi, na Mkuu alikuwa amepanga onyesho refu lenye picha ukutani. Katikati ya onyesho Mhandisi alisimama, akaenda nyuma ya meza, akachomoa. Mkuu alitoka jasho mpaka kola ya shati ikabadilika rangi. Onyesho likaendelea bila kukwama. Wageni walipiga makofi, lakini Mkuu hakumsamehe. Alitaka aambiwe kwanza.

Huyo Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa tarehe. Kila kitu kwake kilikuwa na siku ya kukabidhiwa, na Mhandisi alikuwa mtu ambaye ukimuuliza kitu kitakuwa tayari lini anakujibu, "Kikiwa tayari." Wawili hao waliposalimiana asubuhi, sisi tulitafuta pa kuangalia.

Kulikuwa na suala la komeo. Mwanzoni aliweka utaratibu kwamba mtu akifungua ramani ili aibadilishe, inafungwa kwa wengine mpaka amalize, watu wawili wasije wakaandika juu ya kitu kimoja. Siku moja Zuhura, mwenzangu wa kituo cha Chumbi, alifungua ramani ya mashamba ya chini, mnara ukafa, na ramani ikabaki imefungwa kwa jina lake. Mimi nilikuwa na wakulima mlangoni na siwezi kuigusa. Zuhura mwenyewe hakujua kwamba ameshika kitu. Tulikaa hivyo mpaka mafundi walipoutengeneza mnara. Mhandisi alisikia, hakulaumu mtu, na wiki iliyofuata akaling'oa komeo. Mkuu akamuuliza itakuwaje wawili wakiandika kwa pamoja. Alijibu kwamba mashine itawaonyesha wote wawili, na watu wataamua.

"Mashine haiwezi kuamua yenyewe?"

"Inaweza," alisema. "Haitakiwi."

Mtu huyu aliyejenga kitu cha watu kushirikiana, mwenyewe hakuwa mtu wa kushirikiana. Hakuruhusu mtu aguse kikombe chake. Alikula peke yake. Ukibishana naye alikushinda, na ukimshinda alikaa siku nzima bila kukujibu salamu vizuri. Alifundisha kwamba pande mbili zikipingana ni lazima zote zisikike, lakini kwenye kikao hakuwa na subira ya kumsikiliza mtu hadi mwisho wa sentensi. Halafu mke wangu alipojifungua, alikuja Nyamisati na sufuria ya pilau imefungwa kwa kanga, akasema eti ni chakula kilichobaki nyumbani. Sufuria ilikuwa imejaa hadi juu, haijachotwa.

Na aliogopa maji. Alizaliwa karibu na mto na aliogopa maji kuliko mtu yeyote niliyemwona. Kwenye boti alikaa chini kabisa, si kwenye ubao, ameikumbatia kompyuta yake ndani ya mfuko wa plastiki, macho ameyafumba, midomo inasoma dua. Hakuna aliyethubutu kumtania.

Yaliyompata yalianza mwaka wa mafuriko. Mto ulipanda ukafunika mashamba, nguzo za umeme zikaanguka, na minara ya upande wetu na ya upande wa Chumbi ikazima kwa muda mrefu. Tulikuwa na betri za sola, na kwa sababu ya mpango wake, kazi haikusimama. Maji yalipoanza kushuka wakulima walikuja kwa haraka, kila mtu anataka shamba lake lichorwe upya kabla mwingine hajaingia, maana mkondo mmoja wa mto ulikuwa umehama. Ulikuwa umeacha njia yake ya zamani na kuacha nyuma ukanda mrefu wa udongo mweusi, mzuri kwa mpunga kuliko sehemu yoyote.

Ukanda ule ulikuwa na watu wa pande mbili. Kuna wenyeji wa delta, waliokuja kwangu Nyamisati, na miongoni mwao alikuwamo mjomba wa mke wangu. Na kuna wakulima wa kutoka Chumbi, ambao kila msimu hushuka delta, hujenga dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, na kukaa mpaka mavuno. Wao walikwenda kwa Zuhura. Wenyeji walisema mpaka umekuwa mkondo siku zote, na mkondo ukihama mpaka umehama nao. Wa Chumbi walisema mpaka ni pale mkondo ulipokuwa, ardhi haitembei. Mimi nilichora kama nilivyoelezwa. Zuhura alichora kama alivyoelezwa. Ilikuwa ramani ileile moja, na kila mmoja wetu alikuwa peke yake na nakala yake.

Mtandao uliporudi, ramani ile iliwaka nyekundu kwenye kompyuta zote. Mashine ilikuwa imeona kwamba imebadilishwa sehemu mbili, imeziweka nakala zote mbili bega kwa bega kwenye seva, na imekataa kuendelea nayo mpaka mtu aseme.

Ilikuwa imebaki muda mfupi kabla ya sherehe ya kukabidhi hati. Kiongozi mkubwa alikuwa amealikwa. Mkuu akamwita Mhandisi mbele yetu, akamwambia kama asingeling'oa komeo lake, hili lisingetokea, na katika hilo alikuwa na haki. Mhandisi alikubali kwa kichwa. Kisha Mkuu akamwagiza abadilishe utaratibu, aliyehifadhi mwisho ndiye achukuliwe, jambo liishe. Aliyehifadhi mwisho nilikuwa mimi. Betri zangu zilidumu zaidi ya zile za Zuhura, hiyo tu ndiyo sababu.

"Ukiniambia ramani ipi ni ya kweli, nitaiweka sasa hivi," Mhandisi alisema. "Umeniambia ipi ilihifadhiwa mwisho. Hilo ni swali jingine."

"Watu wanasubiri hati."

"Basi twende tukawakutanishe. Pande zote mbili, na ramani zote mbili."

"Hatuna muda huo, Mhandisi."

"Hatuna," alisema, akatoka nje.

Mjomba wa mke wangu alinipigia simu siku hiyohiyo. Hakuniomba kitu. Alisema tu kwamba amesikia ramani yangu imeshinda, na familia imefurahi. Niliishika simu baada ya yeye kukata, sijui la kufanya nayo. Sikuwa nimemwambia mtu.

Siku chache baadaye nilikuwa Kibiti kwa kikao. Jioni nikaona fundi nisiyemjua amekaa kwenye chumba cha seva, Mkuu amesimama nyuma yake. Fundi alikuwa ameletwa kutoka Dar. Niliposogea nikaona anachofanya. Alikuwa amegeuza ule utaratibu, na nakala ya Zuhura ameiondoa kwenye seva. Diski ya akiba, yenye nakala za mafaili yote ya seva, ilikuwa ndani ya kabati la Mkuu, na funguo mfukoni mwake. Mkuu aliniona, akaniambia kwa upole tu kwamba mambo sasa yamekaa sawa, na niwasalimie wakwe.

Nilikwenda nyumbani kwa Mhandisi baada ya magharibi. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuwa amewahi kunifanyia. Kisha akaniuliza kitu kimoja, kama kompyuta ya Chumbi ilikuwa imewashwa jioni ile. Nikamwambia hapana, Zuhura hufunga alasiri.

"Basi ya kwake bado ipo," alisema. "Asubuhi akiwasha, seva itamwambia alicho nacho ni cha zamani, na itamfutia."

Akampigia Zuhura. Nilisikia upande wake tu wa mazungumzo. Alimwomba asiwashe, au akiwasha achomoe waya kwanza. Akasikiliza jibu. Kisha akasema, "Nimekuelewa, mwanangu," akaiweka simu mezani. Mkuu alikuwa amekwisha kumpigia Zuhura. Alimwambia kompyuta iwashwe saa mbili kama kawaida, na mtu atakayeigusa atafute kazi nyingine. Zuhura alikuwa na watoto na hana mume. Mhandisi hakumlaumu. Aliniambia niende nikalale, na kama nataka kufuatana naye nifike baada ya swala ya alfajiri, na nisipofika ataelewa pia.

Nilifika. Mke wangu hakupenda, na sikuwa na maneno ya kumwambia zaidi ya kwamba nimeichora ramani ile na najua nusu yake ilichorwa na mwingine.

Alikuwa na gari dogo kuukuu ambalo dirisha la upande wangu halikufunga. Tulipita Ikwiriri, tukavuka daraja la Rufiji, mto chini yetu ukiwa wa rangi ya chai ya maziwa, mpana, unakwenda kasi. Hakuangalia pembeni. Njia ya kuingia kituoni Chumbi ilikuwa bado imefunikwa na maji mahali penye bonde, na watu walivushwa kwa mtumbwi. Hilo hatukulijua. Alisimamisha gari, akazima injini, akaangalia yale maji mikono ikiwa bado kwenye usukani.

Nilimwambia naweza kwenda mimi, yeye abaki. Akasema mimi nikichomoa waya nitafukuzwa, yeye akichomoa ni mambo yao yeye na Mkuu. Akavua ndala, akaingia mtumbwini, akakaa chini penye maji ya matope, akanishika kifundo cha mguu wangu kama mtoto anavyomshika mama yake sokoni. Mwenye mtumbwi alikuwa mzee asiye na haraka. Alisalimia, akauliza tunatoka wapi, akasimulia habari ya kiboko aliyeonekana juzi. Mkono ule kwenye mguu wangu ulizidi kubana. Tulipofika ng'ambo alikuwa ametapika kidogo kwenye kanga yake, akaikunja, akaitia chini ya kwapa, akaanza kutembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

Mlango wa kituo ulikuwa wazi. Zuhura alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa imewaka. Kulinganisha kulikuwa kumeanza. Kwenye kioo majina ya mafaili yalikuwa yanapita moja moja. Mhandisi hakusalimia. Alipita nyuma ya meza, akainama, akachomoa waya.

Mhandisi alivaa miwani yake, akamwomba Zuhura ampishe kiti, akaanza kutafuta. Sikuwa najua kama tumewahi. Zuhura alikuwa amesimama ukutani ameziba mdomo kwa mtandio. Nilimwona Mhandisi akifungua folda, akifungua nyingine, akishusha, akipandisha. Mara mbili alibofya faili lisilo lenyewe.

Ramani ikafunguka. Ilikuwa na mpaka pale mkondo ulipokuwa zamani. Ya Zuhura.

"Ipo," alisema.

Zuhura alikaa chini sakafuni akalia. Alisema aliwasha kwa sababu aliogopa, na alipowasha akaanza kuomba mtandao usipatikane, na mtandao wa Chumbi ambao kila siku unasumbua, siku hiyo ukapatikana mara moja. Mhandisi alimpa ile kanga yake ajifute, akakumbuka ilivyokuwa, akaichukua tena. Wote watatu tukacheka, na hicho ndicho kicheko pekee ninachokikumbuka cha siku ile.

Alinakili ramani, akarudi Kibiti, akamwambia Mkuu alichofanya na mahali nakala ilipo. Wakulima wa Chumbi walikuwa wameshasikia. Hati za ukanda ule hazingeweza kutoka tena kimyakimya, na Mkuu alilijua hilo. Sherehe ilifanyika, hati za sehemu nyingine zikagawiwa, na za ukanda ule zikaondolewa. Kikao cha pande mbili kilipangwa, kikaahirishwa, kikapangwa tena. Mhandisi alipewa barua ya kuachishwa kazi akaondoka siku hiyohiyo, amebeba kikombe chake na boksi moja. Utaratibu wake waliurudisha, kwa sababu hakuna mkulima aliyekubali tena karatasi bila kuuliza kama hakuna nakala nyingine ya shamba lake mahali fulani.

Ningependa kuishia hapo, lakini sivyo ilivyoishia. Msimu wa kupanda ulifika kabla ya kikao. Udongo ule mweusi ulikuwa tupu, hauna mwenyewe anayejulikana, na pande zote mbili ziliingia. Vijana wa upande wa wakwe zangu na wa upande wa Chumbi walikutana asubuhi moja na mapanga ya kufyekea. Mkulima mmoja wa Chumbi, Selemani, mtu mzima aliyekuwa ameingia katikati kuwatenganisha, alikatwa mkono wa kushoto. Alipona, lakini vidole vitatu vilibaki shambani. Baada ya damu ile ndipo watu walipokaa. Waliugawa ukanda kwa namna ambayo haikuwa kwenye ramani yangu wala ya Zuhura, na kipande kimoja hadi leo hakijaamuliwa, ng'ombe wanalishwa humo.

Sikumwona Mhandisi kwa muda mrefu. Nilisikia anafundisha kompyuta kwenye chuo fulani, kisha nikasikia ameacha. Halafu mwaka jana nilikutana naye Kibiti, kwenye mashine ya kukobolea mpunga, amekaa juu ya gunia lake akisubiri zamu. Alikuwa amekonda. Ushungi ulikuwa uleule, lakini karafuu hakutafuna tena, meno yalikuwa yanamsumbua. Aliniuliza habari za watoto kwa majina yao. Kisha akaniuliza yule bwana aliyekatwa anaishi wapi.

Nikamwambia yupo Chumbi. Akauliza kama naweza kumpeleka.

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata, kwa basi. Selemani alikuwa nyumbani kwake, anafunga jembe kwa kamba, mpini ameubana kwa magoti kwa sababu mkono mmoja hautoshi kushika. Alitukaribisha, mkewe akatandika mkeka. Nilimtambulisha Mhandisi kwa cheo chake kama kawaida. Selemani akasema anamjua, alimwona zamani kituoni kwa Zuhura.

Mhandisi hakuzungusha maneno. "Ile ramani ya pale mnapolima," alisema, "mimi ndiye niliyeizuia isitoke."

"Najua."

"Ingetoka ile moja, shamba lako lisingekuwamo. Ndiyo maana niliizuia."

Selemani aliendelea kufunga kamba kwa mkono mmoja na meno. Alipomaliza aliliweka jembe pembeni.

"Mama, mimi nilikuwa nataka ramani itoke," alisema. "Yoyote."

"Yoyote? Hata ya kukunyang'anya?"

"Yoyote. Ningejua sina shamba pale, ningekwenda kutafuta pengine. Sikuwa mtu wa kupigana. Nilikuwa mtu wa kutaka kujua." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa taarifa iliyochelewa. "Mlikuwa na ramani mbili, mkazifungia ndani, mkatuacha huko nje."

Niliogopa kumwangalia Mhandisi. Nilisubiri lile swali lake, au hoja, au ule ukimya wa kukufanya ujitilie shaka. Ukimya ulikuja, lakini haukuwa wa namna ile. Alikuwa anaangalia mkono wa Selemani, waziwazi, bila kuficha, na Selemani hakuuondoa. Mwishowe alisema, "Ndivyo ilivyokuwa," akaomba maji ya kunywa.

Tulikula pale, wali na mchicha wa nazi. Selemani alimwuliza kama ana wajukuu, yeye akamwuliza mpunga wa mwaka huu umekaaje. Selemani alitusindikiza hadi barabarani, ameuning'iniza mkoba wa Mhandisi begani, na alipoagana naye alimpa mkono wa kulia kwa adabu, akaufunika kwa ule wa kushoto.

Tulisubiri basi kwenye kivuli cha kibanda cha kuuzia vocha. Aliegemea nguzo. Nilidhani amechoka.

"Ningefanya vilevile," akasema. "Waya ningeuchomoa. Utaratibu wangu nisingeubadilisha, baba, ulikuwa sahihi." Aliinua miwani akajifuta macho kwa ncha ya ushungi, polepole, jicho moja kisha la pili. "Lakini nilipomaliza kuchomoa nilirudi Kibiti. Nilisema watu wataamua, halafu nikaenda nyumbani. Nilitakiwa nilale kule kwenye madungu, pamoja nao, mpaka wamalize."

Basi lilikuja limejaa. Kondakta alimtafutia kiti mbele, mimi nikasimama nyuma, na tulivuka daraja bila kuonana. Kibiti alishuka kabla yangu. Nilimwona kupitia dirishani akiuliza watu kitu, akielekezwa, akiinua mkono kushukuru, kisha akaondoka kuelekea stendi ya magari ya delta, sio njia ya kwake.

Wiki ile Zuhura alinipigia simu kutoka kituoni. Wakulima walimwambia kuna mama mmoja mzee, alisema, amepanga chumba kwa mkulima karibu na kile kipande ambacho hakijaamuliwa. Kila siku anakwenda kukaa kwenye dungu la upande mmoja, kesho yake la upande wa pili. Hana kompyuta. Anawasikiliza tu, Zuhura alisema, na anawaacha wamalize sentensi.